Chukua Samaki, Niachie Matumbo

"Chukua samaki, mimi niachie matumbo."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza Mwalimu kuniambia. Ilikuwa kwenye soko la chakula karibu na Xiaobei, huko Guangzhou, mwezi wangu wa pili nchini China. Nilikuwa nimesimama mbele ya beseni la samaki hai, namwonyesha muuzaji vidole vyangu na yeye ananionyesha vyake, hatuelewani. Akatokea mama mmoja wa makamo, ushungi kaufunga kwa nyuma kama mtu anayekwenda shambani. Akazungumza Kichina cha haraka, samaki wawili wakatolewa majini, wakapigwa, wakapasuliwa. Nyama akanikabidhi mimi. Matumbo akayatia kwenye kopo lenye kifuniko alilolitoa mkobani.

"Shikamoo, mama," nilisema. "Sasa wewe utakula nini?"

"Marahaba. Mimi samaki sili."

Akaenda zake.

Mama wa Mbeya niliyepanga naye chumba alipousikia mkasa huo alinikataza kuwapika wale samaki. "Yule ni mganga," alisema. "Kila mtu anajua. Anakusanya matumbo." Niliwapika, nikawala. Nimekulia Mwanza, kwenye meza za kupasulia sangara, na sijaona mtu aliyerogwa na samaki aliyesafishwa vizuri.

Mganga hakuwa. Alikuwa amefundisha mambo ya uvuvi kwenye chuo cha huko kwetu pwani kwa miaka mingi, akafundisha mpaka wanafunzi wake wakawa wakubwa wake wa kazi, kisha akiwa na zaidi ya miaka hamsini akaomba nafasi ya kusoma shahada ya juu Guangzhou, akaipata. Wenzake darasani walikuwa na umri wa watoto wake. Ufadhili ulipokwisha kabla ya utafiti kwisha, hakurudi. Asubuhi alikuwa mkalimani wetu sisi wafanyabiashara, mchana alikuwa maabara. Huko maabara alikuwa akifungua matumbo ya samaki walioletwa na meli kutoka kwenye bahari za barafu, kusini kabisa mwa dunia, apate kujua wanakula nini, na kama chakula chao kinabadilika kadiri barafu inavyopungua. Wale wa sokoni walikuwa wa mazoezi tu, ili jicho lisisahau kazi.

Sisi tulimwita Mwalimu. Wachina nao walimwita laoshi, ambalo ni neno lilelile. Hata laoban, wenye maduka wa Shahe, ambao kwao kila Mwafrika ni "rafiki", yeye walimwita laoshi, na nadhani walimwita hivyo kwa sababu walimwogopa.

Shahe ni soko la alfajiri. Nguo za bei rahisi zimejaa mpaka darini, mikokoteni inakugonga visigino, na ukiuliza kitu laoban anajibu "meiyou" bila kuinua uso kutoka kwenye bakuli lake la uji. Meiyou, hakuna. Wengi wetu tulikuwa tunalipokea neno hilo kama mtu anavyopokea mvua, tunahama duka. Mwalimu hahami. Anasimama palepale, mkoba mbele, anangoja.

"Laoshi, meiyou," laoban anarudia.

"Nimesikia. Nenda ukaangalie."

"Meiyou!"

"Hujaangalia. Utajuaje?"

Mara nyingi laoban aliinuka, akaenda stoo, akarudi na kitu kile kile alichosema hakipo. Na kama kweli hakipo, Mwalimu alimshukuru kwa heshima zote, kwa sababu sasa ameangalia.

Robota la nguo hakulikagua kwa juu. Alitia mkono katikati, akavuta fulana moja ya ndani, akaigeuza, akavuta mshono mpaka uzi uliposema wenyewe. Pale Shisanhang, kwenye ule mtaa wa zamani wa jumla, alimfanya mama mmoja wa Kichina afungue marobota saba mbele ya watu kwa sababu la kwanza lilikuwa na suruali nzuri juu na matambara chini. Yule mama alipiga kelele hadi watu wakajaa. Mwalimu hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema tu, "La pili." Kisha, "La tatu." Hadi la saba.

Jumapili tulipotoka kanisani alikuwa akitungoja nje, yeye Mwislamu, amekaa kwenye ukingo wa bustani na kipande cha boksi mapajani. Juu ya boksi hilo ametuchorea barafu. Alitueleza kwamba ile barafu ya baharini tunayoidhani ni jiwe tupu, chini yake kuna ukoka wa kijani, mimea midogo isiyoonekana, umeng'ang'ania kwa chini kama shamba lililopinduliwa. Uduvi wa baridi wanakuja kulisha humo. Samaki wanawala uduvi, na uduvi wana mafuta, na mafuta ndiyo yanayomvusha samaki msimu wa giza. Barafu ikichelewa kuganda, ikiwahi kuyeyuka, shamba linapungua. Uduvi wakipungua, vinajaa vidude fulani vya baharini, vyeupe, vinateleza kama mlenda, karibu maji matupu. Samaki anavila kwa kuwa ndivyo vilivyopo.

"Tumbo linajaa, samaki anakonda," alisema.

Siku moja kijana wa Kimombasa aliyekuwa anauza simu alicheka. "Mwalimu, hao samaki wa friji wanatuhusu nini sisi watu wa joto?"

"Nani kakwambia wanakuhusu?"

"Sasa mbona unatufundisha?"

"Kwa sababu ni kweli. Si lazima kitu kikuhusu wewe ndiyo kiwe kweli."

Mama wa Mbeya, ambaye siku hizo alikuwa ameacha habari za uganga, akajaribu kuokoa mazungumzo. Akasema basi hao samaki ni kama sisi tuliokuja China, tunajaza matumbo na kukonda. Mwalimu alimtazama hadi akajuta.

"Samaki wangu si methali," alisema. "Ni samaki."

Lakini mwenyewe alikuwa na methali za samaki kila siku, na ukimkumbusha anakasirika. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alizidharau nguo tulizokuwa tunazibeba, aliziita takataka zinazosafiri, na huku yeye mwenyewe kavaa koti la nailoni la Shahe lenye vimetameta na maneno ya Kiingereza yasiyo na maana mgongoni. Alikuwa akiichunguza bahari ya barafu na baridi haiwezi. Kwenye jengo lenye kiyoyozi alivaa sweta mbili, Julai. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Aliomba mara mbili kupanda ile meli, mara mbili akaambiwa nafasi zimejaa. Mara ya pili alimwuliza aliyemjibu kama amehesabu vitanda. Barua yake ya tatu haikujibiwa.

Na huyu aliyekuwa haachi mtu aseme jambo asiloliona, kila Ijumaa aliwapigia simu watoto wake, akawaambia anakula vizuri, ana chumba chenye dirisha, na chuo kinamlipa. Nilikuwa nimekaa pembeni yake nasikia. Chumba hakikuwa na dirisha. Alipokata simu nilimtazama, akasema, "Usinitazame hivyo, Mama Neema. Huo si utafiti."

*

Mwaka ule wa michezo mikubwa ya Beijing ndipo viza zilipoanza kubana, na mwaka uliofuata hazikulegea. Zamani ulikuwa unaongezewa muda kwa miezi, sasa unapewa siku thelathini, kisha unaambiwa rudi kwenu ukaombe upya. Askari walianza kusimama kwenye milango ya majengo tuliyofanyia biashara. Watu walikuwa wanabadilishana habari kwa simu, leo wako mtaa huu, kesho ule. Wapo walioacha kutoka mchana. Wapo waliolala na viatu.

Mwalimu alikataa kubadilisha njia yake. Alipita pale pale, saa ile ile, na kila alipodaiwa pasipoti alidai naye kitambulisho cha askari, akalisoma jina kwa sauti, akasema, "Karibu," ndipo akatoa yake. Tulimwambia aache. Alisema, "Mimi nimekuja na barua ya chuo. Nikianza kutembea kama mwizi watajua wapi kwamba si mwizi?"

Viza yangu mimi ilikwisha nikiwa nangoja mzigo uliocheleweshwa kiwandani. Nilijiambia siku tatu. Zikawa kumi. Siku ninayotaka kuisimulia zilikuwa kumi na tisa.

Nilikuwa nimekodi pembe ya chumba kwenye jengo moja la ghorofa nyingi, tunakofungia mizigo. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, ananiandikia majina juu ya robota kwa kalamu nene, kwa sababu mwandiko wangu aliuita kosa la jinai. Tukasikia miguu, kisha sauti ya Mkongo mmoja kwenye korido: "Wamekuja! Vite, vite! Haraka!"

Watu walikimbilia ngazi za nyuma. Niliinuka niwafuate. Mwalimu hakugeuka. "Ngazi zimejaa," alisema taratibu. "Utaanguka." Nikaingia nyuma ya robota, nikajibana ukutani, robota moja nikalivuta mbele ya uso wangu. Lilinukia rangi mpya ya nguo, mpaka leo harufu hiyo siipendi.

Walikuja wawili. Kichina changu kilikuwa cha soko, lakini mengi niliyaelewa, na mengine Mwalimu alinieleza baadaye.

"Pasipoti."

"Iko kwenu," alisema Mwalimu. "Niliileta mwenyewe wiki iliyopita, naomba kuongezewa muda. Stakabadhi hii hapa, ina muhuri wenu."

"Karatasi si pasipoti."

"Sasa mlinipa ya nini?"

"Simama."

"Nitasimama nikimaliza kuandika jina hili."

Nikasikia kalamu inakwaruza kwenye gunia. Aliandika jina lote, na namba ya simu, na neno Mwanza.

"Ndani kuna nani?" aliuliza yule askari wa pili.

"Kuna nguo."

"Nauliza watu."

"Mtu ni mimi. Huna mtu mbele yako?" Na hapo ndipo akaanza. Sijawahi kumsikia akisema haraka vile. Aliwauliza kama wanajua yeye anafanya nini kwenye mji huu. Akawaambia kuna meli yao imekwenda hadi mwisho wa dunia kuchukua samaki, na samaki hao wako kwenye chumba cha baridi hapahapa mjini, na mtu anayewafungua mmoja mmoja ni yeye, na wakimchukua leo basi waende wao wakawafungue, atawaonyesha pa kuanzia. Askari mmoja alicheka, mwingine akakasirika. Hakuna aliyeingia ndani. Wakamchukua. Nilisikia kandambili zake zikiondoka kwenye korido, na yeye bado anasema.

Nilikaa nyuma ya nguo zile hadi miguu ikafa ganzi. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mama mwenye umri wa mama yangu, na nilijua hivyo, na sikutoka.

Nilipotoka nilikwenda mahali pamoja tu nilipopajua. Mara kadhaa nilikuwa nimempelekea Mwalimu makopo yake hadi kwenye lango la maabara, na aliyeyapokea alikuwa mzee mmoja wa Kichina, fundi wa maabara aliyekaribia kustaafu. Mwalimu alimwita shifu, kama wenyeji wanavyowaita mafundi. Nilimkuta anafagia. Neno la kukamatwa kwa Kichina sikulijua. Nilisema, "Laoshi," kisha nikaviweka viganja vyangu pamoja kama mtu aliyefungwa pingu.

Mzee aliweka ufagio ukutani. Akaingia ndani, akatoka na koti na faili. Alinitazama, akanionyesha kwa mkono kwamba mimi nibaki, yeye ataenda. Nilifahamu. Alikuwa ameshaelewa kwamba na mimi sina karatasi.

Alikwenda siku hiyo, akaenda kesho yake, akaenda na siku ya tatu na barua ya chuo yenye mihuri miwili, akatoka naye. Mwalimu alikuwa na koti lake la vimetameta na alikuwa amepauka midomo. Pasipoti alikuwa amerudishiwa. Ndani yake aligongewa siku kumi za kuondoka nchini.

Nilijaribu kumshukuru. Nililia, nikasema alijiweka mlangoni kwa ajili yangu.

"Nilikaa mlangoni kwa sababu kigoda kilikuwa mlangoni," alisema. "Nilikuwa nimekasirika. Usinifanye mtakatifu wa marobota yako."

Kisha akaniuliza kama najua kupasua samaki.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa Mwanza."

"Sikuuliza kwenu wapi."

"Najua."

*

Kwenye chumba cha baridi walikuwa wamebaki samaki arobaini na mmoja wasiofunguliwa, kila mmoja kwenye mfuko wake wenye namba. Shifu alikuwa amemwambia jambo ambalo msimamizi wake hakumwambia: chumba kile kinatakiwa kwa mitambo mipya, na yeye akishaondoka mifuko itatupwa. Alipewa amri ya kuitupa yeye mwenyewe, shifu. Hakuwa ameitupa. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka mezani mbele ya Mwalimu, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Kwa hiyo mimi, nisiye na viza, niliamka kila asubuhi nikavaa koti jeupe lililonizidi mikono, nikasimama kwenye maabara ya Guangzhou napasua samaki wa mwisho wa dunia.

Samaki wa kwanza niliyemshika alikuwa na matamvua meupe kama maziwa. Nilimsukuma pembeni. "Huyu ameoza."

"Hajaoza. Damu yake haina wekundu."

"Samaki asiye na damu nyekundu?"

"Maji ya baridi kali yana hewa nyingi, hakuuhitaji huo wekundu. Alijifunga na baridi, na baridi ikamtunza. Maji yakipata joto, atahema." Alishika kile kichwa kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anavyoshika kidevu cha mtoto. Kisha akaona ninamtazama. "Pasua."

Nilipasua. Yeye alimimina kilichomo tumboni kwenye sahani ya kioo, akainama kwenye hadubini, kisha akaniita.

"Umeona nini?"

"Uduvi."

"Wako wapi hao uduvi?"

Nikatazama tena. Palikuwa na uji wa pinki na vitone vyeusi. "Macho," nilisema. "Nimeona macho. Mengi."

"Andika macho. Hesabu."

Tulifanya hivyo tangu saa mbili asubuhi hadi jua linazama. Samaki waliovuliwa safari za zamani walikuwa na macho mengi, na maganda, na mafuta yaliyoacha utepe kwenye maji. Waliovuliwa safari za karibuni, wengi wao, walikuwa na ule mlenda. Ulijaza tumbo hadi likavimba, lakini ukiuweka kwenye karatasi unakauka, unabaki utando tu. Hakuniambia ninachopaswa kukiona. Niliona mwenyewe, na nakumbuka siku ya nne niliacha kisu nikakaa chini. Nilikuwa nimefikiri yale maneno ya Jumapili ni maneno. Kumbe hapa palikuwa na samaki aliyekula, akashiba, akakonda, na ushahidi umelala kwenye kiganja changu.

Mwalimu alikuwa anatetemeka kwa baridi ya wale samaki. Vidole vyake vilipasuka. Shifu alileta beseni la maji ya moto, na kila baada ya samaki wawili alimlazimisha atie mikono. Hawakuwa na mazungumzo mengi. Yeye anamwita laoshi, naye anamwita shifu, mwalimu kwa fundi, na wote wawili walionekana kuridhika na hilo.

Siku ya nane walikuwa wamebaki kumi na wanne. Msimamizi wake akaja. Nilitegemea mtu mkali, akaja kijana mpole mwenye miwani, umri wa mwanawe wa kwanza, amebeba matunda. Alimpa pole kwa yaliyompata. Alitazama jedwali, akalisifu. Kisha akasema hakuna haja ya kujitesa. Hawa waliobaki wajazwe kwa wastani wa waliotangulia, kazi ifungwe, yeye atasaini.

"Wangekuwa wanafanana," alisema Mwalimu, "tungewafungua wa nini?"

"Laoshi, jedwali lenye mapengo halitapita kwenye kamati."

"Basi lisipite."

"Miaka minne, laoshi."

"Naijua. Nimeikaa mimi."

Alisema kwa adabu. Alimshukuru kwa matunda, akamsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi alipitiliza hadi chooni, na maji ya bomba yalikimbia kwa muda mrefu. Alitoka na uso uliolowa, akafunga ushungi upya, akachukua mfuko unaofuata, akasoma namba yake kwa sauti ili niandike.

Asubuhi ya siku ya kumi walibaki sita. Gari la uwanja wa ndege lilikuwa linamngoja. Alikaa mezani akaandika safu sita, kila namba ya samaki kwa ukamilifu wake, tarehe ya safari, uzito, urefu. Na kwenye nafasi ya chakula, mara sita, kwa mwandiko ule ule wa juu ya marobota yangu, akaandika: hakufunguliwa. Akatia sahihi. Shifu alimbebea begi. Mimi sikuweza kufika uwanjani, tuliagana langoni, na hakunikumbatia. Alinitengenezea kola ya koti.

"Jipeleke," alisema. "Usingoje waje."

Kesho yake nilijipeleka. Nilitembea hadi kituoni mchana kweupe, barabara kubwa, nikaweka pasipoti juu ya meza. Walinifokea, wakaniketisha kwenye benchi kutwa nzima, nikalipa faini, nikapewa siku za kuondoka. Afisa mmoja mwanamke aliniuliza kwa nini nimekuja mwenyewe. Nilimwambia nimechoka kukaa nyuma ya nguo. Sidhani kama Kichina changu kilitosha, lakini alinipa maji.

*

Nguo niliziacha. Nilirudi Mwanza nikaingia kwenye dagaa, na Mungu alinifungulia. Miaka ikapita. Mwalimu alinitumia salamu mara mbili kwa watu, kisha kimya.

Halafu nikaalikwa kwenye mkutano wa wadau wa ziwa, kwenye ukumbi mmoja mjini. Sisi wanawake wa samaki tulipangwa viti vya nyuma, kama kawaida, mbele wamekaa wenye vitambulisho shingoni. Nikamwona mlangoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, fimbo mkononi. Chuo chake cha zamani kilikuwa kimemtuma aseme machache.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Marahaba. Mama Neema, umenenepa. Vizuri."

Nilimwuliza kama shahada aliwahi kuipata. Akasema walimwandikia, kwamba akileta jedwali lililojaa watalifikiria tena. Naye akawajibu kwamba jedwali limejaa. Barua hizo zilikwenda na kurudi kwa miaka mitatu. "Mwishowe walichoka wao," alisema, na ikabidi nimwulize maana yake ni nini, alipewa au hakupewa. "Hawakunipa. Lakini ile kazi waliichapisha, na zile safu sita zimo."

Alipoitwa mbele alipewa dakika kumi. Alianza na barafu. Watu wa mbele wakaanza kutazama simu. Mwenyekiti, kijana aliyevaa suti, alitabasamu akasema kwenye kipaza sauti, "Mama yetu, hapa Mwanza barafu tunaiona kwenye vinywaji." Ukumbi ukacheka.

Mwalimu alingoja wamalize.

"Sikuja kuwaambia kwamba barafu itawafikia hapa," alisema. "Nimekuja kuwauliza. Sangara wa ziwa hili mwaka huu anakula nini? Nani anajua?"

Wenye vitambulisho walitazamana. Mmoja akasema ripoti inaandaliwa.

"Mimi najua," ilisema sauti kutoka nyuma. Alikuwa bibi mmoja tuliyepanga naye meza za kupasulia, mtu ambaye hajawahi kusema kwenye mkutano wowote. "Nilipoanza kazi, tumboni tulikuwa tunakuta furu, vile visamaki vya ziwa. Wakaisha. Tukakuta vikamba vidogo, miaka na miaka. Sasa hivi nakuta watoto wa sangara mwenyewe."

Mwenyekiti aligonga kengele ya mezani. "Muda, mama zangu."

Mwalimu alishuka jukwaani, ngazi moja moja, akaanza kuja nyuma kati ya viti. Mwenyekiti akagonga tena, na kipaza sauti kikazimwa. "Njoo tukutane katikati," Mwalimu alimwambia yule bibi, bila kipaza sauti, na wote tulimsikia. Bibi akainuka. Na sisi tukainuka, mmoja akaanza na wengine tukafuata, tukavishika viti vyetu vya plastiki tukavisogeza mbele, vikikwaruza sakafu, hadi tukawazunguka wote wawili.

Kengele ilipigwa mara ya tatu. Hakuna aliyegeuka.